Mama Mkwe Juu ya Keria

Mwaka wa sabini na tano mume wangu Maduhu aliingia nyumbani kwake kwa kupiga kengele. Alikuwa na baiskeli ya Phoenix, nyeusi, aliyoifuta vumbi kila jioni kabla hajawatazama watoto wake. Akifika kwenye wigo wetu wa minyaa alisimama, akapiga kengele, akakohoa, kisha akangoja. Uani, mama yangu mzazi aliisikia, akaacha anachokifanya, akaingia chumbani na kurudishia mlango. Hapo ndipo baba mwenye nyumba alipoweza kuingia, akanawa grisi mikononi na kuuliza kama ugali uko tayari.

Asiyewajua Wasukuma angedhani wamegombana. Wapi! Walikuwa wakiheshimiana. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja huacha njia akapitia vichakani mpaka mwenzake apotee. Ni adabu nzuri sana mkwe akiwa anakaa mbali. Tabu huanza akihamia kwako.

Na mama alikuja kwa sababu yangu. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia nilijifungua mapacha, Kulwa na Doto, wote wa kiume. Nikatoka damu nyingi, kisha titi langu la kushoto likafanya jipu, kisha homa zikawa zinakuja na kuondoka zipendavyo. Nyamizi, binti yetu wa kwanza, alikuwa na miaka sita, umri wa kuweza kubeba mtoto na wa kuweza kumwangusha pia. Kaka yangu Mageni alimleta mama kutoka kwetu Ukenyenge, amekaa juu ya magunia ndani ya lori la pamba, na kuku wawili mapajani.

Sasa lazima niseme habari ya nyumba. Maduhu alipokuja kuposa, mshenga wake alitamba mbele ya wazee wetu kwamba kijana anafanya kazi mgodini, ana nyumba ya bati, vyumba vitatu na stoo. Bati lilikuwepo, simsingizii. Lakini tulikuwa wapangaji pale Songwa, chumba kimoja na sebule ndogo, uani kuna choo, bafu la mabua ya mtama na jiko. Maduhu alikuwa mpakaji grisi wa mashine, na mpakaji grisi hajengi stoo. Mimi niliujua ukweli siku nilipoolewa, nikanyamaza, kwa sababu mume akiaibika nani mwingine huaibika kama si mkewe? Njia ya mwongo ni fupi, ila yetu ilikuwa imekwenda miaka saba bila kufika mwisho.

Ilifika siku mama aliposhuka kwenye lori. Aliingia sebuleni, akachungulia chumbani, akatoka uani, akauzunguka ukuta wote mpaka akarudi pale alipoanzia.

"Vyumba vingine viko upande gani?" akaniuliza.

"Bado vinajengwa, mama."

"Haya," akasema, akaketi na kumpokea Doto.

Lile "haya" lilinichoma kuliko kama angenitukana. Maduhu, aliyekuwa amejificha nyuma ya wigo akisikiliza, hakula jioni ile. Alichukua mkeka wake akaenda kuomba sebule kwa jirani yetu Shaaban, fundi cherehani wa sokoni, na huko ndiko alikolala miezi yote ile, mwanamume mwenye mke na watoto watatu hatua chache kutoka mlangoni pake.

Mke wa Shaaban, Mwanaidi, alikuwa mzaliwa wa Tabora, Mwislamu wa mjini, na jambo hili lilimfurahisha kupita kiasi. "Mama Nyamizi," aliniambia akicheka, "mumeo kila jioni anabisha hodi kwake kama mtu aliyekuja kuposa. Kwetu sisi mama mkwe ni mama. Unampa shikamoo yake, anakupa marahaba yako, unamwomba na chumvi."

"Kwenu hamna haya," nikamjibu.

"Haya tunayo, bibi. Nyumba kubwa ndiyo tusiyokuwa nayo."

Alinipata. Tulicheka, lakini maneno hayo yalibaki kifuani.

Nyamizi ndiye aliyekuwa mjumbe wao. "Mwambie baba yako unga umekwisha." "Mwambie bibi yako unga ni wa yanga tu." Mwaka ule mvua zilikuwa zimetutupa, tukala ule unga wa njano wa msaada mpaka watoto wakasahau rangi ya ugali. Kazi ya ujumbe ilimpa Nyamizi kiburi, na kiburi kikazaa utundu. Aligundua kwamba akipaza sauti, "Bibi anatoka!" baba yake atakimbia popote penye kivuli. Siku moja mama alikuwa amelala fofofo na Maduhu akakimbilia bandani kwa kuku, akakaa huko amechuchumaa mpaka kuku wakamzoea. Mimi nilicheka kitandani hadi jipu likauma. Sasa nikikumbuka sicheki sana, maana yule aliyechuchumaa kwa kuku kwa heshima ndiye yule yule aliyesimama mwezi wa sita.

Siwezi kusema mwaka wote ulikuwa wa fedheha. Mama aliwakanda wale watoto kwa mafuta ya ng'ombe mpaka wakang'aa. Aliwalaza mmoja kwenye kila paja akawaimbia, na kengele ya baiskeli ikilia nje ya wigo wote wawili waligeuza vichwa kwa pamoja, wakacheka kabla hawajamwona baba yao. Maduhu alikaa nao uani jioni, mama akiwa kajifungia chumbani na joto lake. Nilipomhurumia mama alisema, "Acha baba acheze na wanawe. Mimi nimekwisha kucheza na wangu." Na Maduhu naye, akienda mnadani, hakukosa kuleta ugoro wa mama. Aliuweka juu ya kinu, akakohoa, akaondoka. Walipendana wale watu, kwa namna yao ya kukimbiana.

Mwezi wa sita ulikuta pamba iko shambani na watu wote wako kwenye pamba. Homa ilinirudia. Safari hii ilinishika pamoja na Doto, siku moja, kama tuliokunywa kikombe kimoja. Maduhu alikuwa ametoka zamu ya usiku. Jua lilikuwa utosini. Mwanaidi na Shaaban walikuwa wamekwenda Shinyanga mjini kwenye msiba, na majirani wengine wote wako mashambani. Kwenye nyumba ile tulikuwa sisi tu.

Nilikuwa nimelala, miguu yangu si miguu tena, niliposikia mama akiacha kuimba. Doto alikuwa amekakamaa mikononi mwake. Macho yalikwenda juu, taya zikafunga, mkono na mguu wa kushoto vikaanza kuruka vyenyewe. Degedege. Nilijaribu kuinuka nikaanguka chini ya kitanda.

"Nyamizi!" mama akaita. "Mwambie baba yako alete baiskeli mlangoni. Mtoto aende zahanati."

Zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto ule mkavu. Kwa miguu mtoto angetufia njiani, lakini kwa baiskeli mwanaume mwenye nguvu angefika upesi. Na baiskeli aliileta, akaiegemeza mlangoni. Nilimwona kupitia mlango wa sebule, akiwa ameupa mlango mgongo kwa sababu mama alikuwa nyuma yake, mkono mmoja juu ya tandiko.

Sikieni hapo palipokuwa na fundo. Mtu hawezi kuendesha baiskeli kwenye njia ya mchanga huku amembeba mtoto anayeruka mikononi. Ama mtoto afungwe mgongoni kwa khanga kama afanyavyo mwanamke, ama apakatwe na mtu aliyekaa kwenye keria. Mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu. Mama mkwe nyuma ya mkwewe kwenye baiskeli moja, magoti yake kwenye kiuno cha mwanaume, hilo mimi sikuwa nimewahi kulisikia, na nimezaliwa Usukumani.

"Mfunge mgongoni mwako uende!" nikamwambia Maduhu kutoka pale sakafuni. Sauti haikuwa sauti, lakini alinisikia, najua.

Akashika khanga iliyokuwa kwenye kamba. Akaitazama. Njia ya zahanati inapita getini kwa mgodi, na ilikuwa saa ya kubadilishana zamu. Wanaume wote aliofanya nao kazi wangekuwa wamesimama pale. Nafikiri aliwaona wote kichwani, wakimcheka na mtoto mgongoni. Akairudisha khanga kwenye kamba. Akaigeukia keria, akaitazama nayo. Kisha akamwambia Nyamizi aende mbio mashambani atafute mwanamke yeyote, yeyote, aje ampakate mtoto.

Nyamizi akakimbia. Maduhu akasimama.

Sijui alisimama muda gani. Mgonjwa hana saa. Najua kwamba Doto aliacha kuruka, nikashukuru, kisha akaanza tena. Najua kwamba kivuli cha baiskeli, kilichokuwa chini ya magurudumu, kilianza kutoka upande. Nilimtukana mume wangu kwa maneno ambayo mke hasemi.  Jasho lilikuwa limelowesha shati lote mgongoni, na bado alisimama katikati ya aibu mbili akingoja mtu amchagulie.

Mama ndiye aliyechagua. Aliivuta khanga yake nyingine juu ya kichwa mpaka ikamfunika uso, akamkumbatia Doto, akatoka mlangoni na kukaa kwenye keria, upande, kama wakaavyo wanawake. Chuma kilipolalamika, Maduhu alijua nani amekaa. Hakugeuka. Wala mama hakusema naye, hata wakati ule. Alisema na baiskeli.

"Baiskeli hii," alisema, "itakwenda yenyewe?"

Maduhu akaruka juu ya tandiko wakaondoka.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande, nusu kwa mama, nusu kwa Maduhu mwenyewe baadaye sana. Getini kwa mgodi wanaume walikuwepo, na waliona: Maduhu anakanyaga kama mwenda wazimu, mwanamke mzima aliyejifunika uso nyuma yake, na kwa sababu Songwa ni ndogo walimjua mara moja. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia akageuza uso ukutani ili asione. Hilo Maduhu alisema lilimuuma kuliko kicheko.

Kule zahanati tabibu alimdunga mtoto sindano, akammwagia maji, akamshika mguu wa kushoto akauachia, ukaanguka kama si wake.

"Alianza saa ngapi?" tabibu akauliza. "Mbona mmechelewa hivi? Mlikuwa wapi?"

Maduhu alikuwa amesimama nje ya dirisha, kwa maana ndani alikuwepo mama. Alisikia swali. 

"Njia ni mbaya, mwanangu," mama akajibu. "Mchanga mwingi. Baba yake amejitahidi sana."

Mama yangu hakuwa mwongo. Nyumba yake ilivunjwa mwaka ule wa kuhamia vijijini, na ofisa alipomuuliza kama amehama kwa hiari, alimwambia hapana, mbele ya watu wote. Lakini siku ile alidanganya, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa ameuona uso wake tangu siku ya mahari.

Doto aliishi. Mama naye hakukaa. Nilipoweza tu kusimama alifunga vitu vyake, akasema shamba linamwita, akaenda zake na lori la pamba. Maduhu alirudi kulala nyumbani. Usiniulize tulizungumza nini. Hatukuzungumza. Alikuwa akirudi kutoka kazini, na kengele ile hakuipiga tena. Mapacha walikaa wakitazama wigo jioni nzima, na ghafla baba yao yuko tu ndani, kama mwizi.

Kwetu, mkwe akivunja heshima huifuta kwa mnyama. Baada ya mavuno Maduhu alinunua mbuzi jike mweupe, mzuri, mwenye mimba, akamkabidhi Mageni ampeleke kwa mama na maneno ya kuomba radhi kwa ajili ya siku ya baiskeli. Baada ya siku chache Mageni akarudi, na mbuzi amemshika kamba.

"Amekataa," Mageni akamwambia. "Anasema, mbuzi wa nini? Anasema nkwilima wake, mume wa binti yake, hajamvunjia heshima yoyote. Uso wako hakuuona. Alikaa nyuma, akaona mgongo tu. Kama kuna mtu wa kutoa mbuzi basi ni baiskeli."

Mimi nilicheka, nikafurahi. Nikasema moyoni, mama huyu, Mungu amweke, amelimaliza jambo. Nikamgeukia mume wangu nikitegemea kuona ametua mzigo. Alikuwa amekaa juu ya kinu, amekunja mikono, na machozi yanamtoka mbele ya shemeji yake.

"Hakuelewa," alisema. "Au ameelewa."

Ndipo nilipojua kwamba keria haikuwa shida yake. Mbuzi yule alimtuma kwa ajili ya kukaa kwa mama nyuma yake, kwa sababu kwa jambo hilo kuna mbuzi. Kwa kusimama pale mlangoni hakuna mnyama. Mila haikuwahi kufikiri kwamba baba angesimama. Mbuzi akazalia kwetu, na kila alipolia Maduhu alitoka nje.

Mwezi wa kumi na mbili Kulwa alitembea. Alitoka kwenye kinu akafika kwa Nyamizi, akaanguka, akapiga makofi mwenyewe. Doto alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alijivuta nyuma ya pacha wake kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ukimfuata. Maduhu alikuwepo, ni Jumapili. Alimtazama Kulwa, akamtazama Doto, akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa na khanga yangu.

"Nifunge," akasema.

"Nikufunge nini?"

"Nifunge mtoto mgongoni. Nakwenda kwa mama yako."

Nilidhani homa imemshika yeye. Nikamwambia nitakuja naye, nitakaa kwenye keria nimpakate. Akakataa. Nikamwambia basi apite njia ya nyuma, ya mbugani, Jumapili sokoni kumejaa. Akakataa pia. Aliinama mbele yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikamlaza Doto mgongoni pake na kumfunga, fundo kifuani. Niliona haya. Sijui nilimwonea haya yeye au mimi, kwa sababu kweli siku ile ya mwezi wa sita ningemwona mume wangu hivyo getini, hata mimi pengine ningetamani apite nyuma.

Alipita katikati ya soko la Songwa, hakupanda baiskeli, aliikokota polepole ili waonekane. Mwanaidi alikuwepo kwenye cherehani za mumewe, ndiye aliyenisimulia. Watoto walimfuata wakiimba, "Mama Doto! Mama Doto!" Wanaume wa mgodini waliokuwa wakinywa walipiga miluzi. Mmoja akamuuliza kama ananyonyesha pia. Mwanaidi, ambaye hakuwahi kukosa neno la utani, alisema alishika mdomo wake kwa mkono. Shaaban alisimamisha cherehani. Maduhu akasalimia kila aliyemjua kwa jina, akavuka soko, kisha akapanda baiskeli na kushika njia ya Ukenyenge.

Huko alifika jioni. Alisimama nje ya boma la mama kama ipasavyo, ameipa nyumba mgongo. Lakini safari hii juu ya mgongo alikuwepo Doto, anamwangalia bibi yake mlangoni. Maduhu alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima: angemwambia Mageni, naye Mageni angemwambia mama, kwamba yeye Maduhu alisimama, kwamba njia haikuwa mbaya, kwamba mchanga haukuwa na kosa. Mageni hakuwepo, alikuwa machungani.

Akasikia nyayo zinakuja nyuma yake. Zikasimama karibu. Akainamisha kichwa, akafumba macho. Mkono wa mama ukapita juu ya mgongo wake, ukaushika ule mguu wa kushoto wa mtoto uliokuwa ukining'inia nje ya khanga, ukaupapasa mpaka wayo. Mama hakusema na Maduhu. Alisema na Doto.

"Doto, mjukuu wangu," alisema. "Leo hukuchelewa."

Maduhu aliniambia maneno hayo mara moja tu, kesho yake, akinirudishia khanga yangu. Kisha akauliza kama kuna maji ya kuoga, akatoka nje kumtafuta mwanawe.